Bonde Letu, Vyoo Vyetu na Sanduku la Akiba

Hotuba ya Kamati ya Afya na Mazingira, iliyosomwa siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi

    

 Miaka kumi ya kukaa kwenye mkeka mmoja kila wiki, kuhesabu hisa, kutozana faini za kuchelewa, kununiana na kupatana tena, si jambo dogo. Vikundi vingi vilivyoanza pamoja na sisi vimebaki majina tu.

Kamati yetu iliombwa izungumzie mazingira ya mji na maendeleo endelevu. Tulipokabidhiwa kichwa hicho cha maneno tulitazamana. Kichwa ni kikubwa, na sisi ni wauza maandazi, dagaa, mchicha na mitumba wa bonde la Msimbazi. Tukaulizana, tuanzie wapi? Mwisho tukakubaliana tusiende mbali, tuanzie chooni. Msicheke jamani. Mtaona wenyewe kwamba choo na sanduku letu la kufuli tatu vina uhusiano wa karibu kuliko tunavyodhani.

Hilo neno "endelevu" lilienea duniani baada ya mwaka 1987, ilipotoka ripoti ya tume iliyoongozwa na mwanamke, Bi Gro Harlem Brundtland wa Norway. Maana yake kwa lugha ya kikundi ni kutokula mtaji. Ukiuza maandazi ukala faida, kesho unakanda tena. Ukila na hela ya unga, umefunga biashara. Mji nao una mtaji wake: maji, udongo, miti, hewa, na afya za watu wake. Dar es Salaam yetu, ndugu Mgeni Rasmi, imekuwa ikila mtaji huo kwa muda mrefu, na wa kwanza kuhisi njaa ni sisi tuliojenga pembeni mwa mto.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 katika mkoa huu. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 5.38. Yaani kwa miaka kumi wameongezeka watu milioni moja, wawe waliozaliwa hapa au waliokuja na mabegi yao kutoka mikoani. Wote hao wanahitaji pa kulala, pa kupikia na pa kujisaidia. Viwanja vilivyopimwa havikuwatosha, na bei yake mnaijua. Basi watu wakashuka mabondeni. Hatukushuka kwa kupenda mbu. Tulishuka kwa sababu kodi ya chumba ni nafuu na Kariakoo inafikika kwa nauli ndogo.

Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita katikati ya mji, unamwaga baharini pale Daraja la Salenda. Njiani unapokea kila kitu: maji ya mvua kutoka kwenye mabati na lami, maji ya viwandani, takataka za masokoni, na uchafu wa nyumba zetu wenyewe. Mwezi Desemba mwaka 2011, kabla kikundi chetu hakijazaliwa, mvua kubwa ilileta mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 katika mji huu. Baadhi ya walionusurika wakapewa viwanja Mabwepande, na baada ya muda wengine wakarudi mjini, maana kiwanja kiko kule na riziki iko huku. Mafuriko hayakukoma. Wakati wa mvua za El Nino, mwezi Aprili 2024, Serikali ilitangaza kuwa watu 155 walikuwa wamekufa nchi nzima. Na wenye kumbukumbu wataongeza kipindupindu cha mwaka 2015, na homa ya dengi ya mwaka 2014 na ya 2019.

Sasa tuje kwenye sanduku. Mwanachama amekopa, amenunua magunia mawili ya unga. Mvua inapiga usiku, maji yanaingia hadi usawa wa kitanda, unga umekuwa uji. Mkopo je? Uko pale pale na riba yake. Au mtoto kaugua tumbo, mama kakaa hospitali siku tano, genge limefungwa, marejesho hayakuja. Tukisoma daftari la Mweka Hazina tunaona jina na neno "hajaleta". Daftari halisemi sababu. Sisi wa kamati tunaziona sababu kwa sababu tunaishi nazo ukuta kwa ukuta. Katika kikundi chetu wazembe ni wachache. Wengi waliochelewesha marejesho walipigwa na maji au maradhi ya maji machafu.

Sasa tuseme wazi jambo ambalo huwa tunalisema kwa kunong'ona. Mvua ikianza kupiga sawasawa usiku, mnasikia sauti za majembe. Ni kutapisha. Jirani anatoboa ubavuni mwa shimo la choo, uchafu wote unatoka unakwenda na maji. Kwake choo kimekuwa kitupu bila kulipa senti. Kwa jirani wa chini, uchafu huo umepiga hodi mlangoni, umepita jikoni, umeingia kwenye kisima. Asubuhi kila mtu anafagia na hakuna anayemuuliza mwenzake. Wengine ni wanachama wa vikundi kama hiki, wanaswali, wanasali, wanasaidiana kwenye misiba. Wamebanwa.

Wamebanwa na nini? Gari la kunyonya majitaka haliingii kwenye uchochoro wa upana wa mabega mawili. Likisimama barabarani, mpira wake haufiki. Hata likifika, bei ya safari moja ni mtaji wa biashara ya maandazi kwa mwezi mzima. Kuna wale vijana tunaowaita vyura. Wanamwaga chumvi na mafuta ya taa shimoni kupunguza harufu, kisha mmoja anaingia na ndoo, wakati mwingine bila buti wala glavu, na wanachimba shimo jingine pale pale uani na kuuhamishia uchafu huko. Kazi hiyo inaua: hewa ya shimoni inaua na kuta za shimo zinaweza kumfukia mtu. Mtoto wa mwenzetu akifanya kazi hiyo tunamcheka, halafu usiku tunamwita kwa siri. Tuache kumcheka.

Tena huku bondeni maji ya ardhini yako karibu. Ukichimba kidogo tu umeyakuta. Wengi tumejenga vyoo vya kuinuliwa, tukapanga matairi au mapipa yaliyotobolewa badala ya tofali. Shimo la namna hiyo hujaa upesi, na linavuja muda wote hata lisipotapishwa.

Kutokana na hayo, kamati inaleta pendekezo ambalo litajadiliwa kwenye mkutano mkuu: kikundi kianzishe mkopo wa choo. Tunajua tayari lina wapinzani, na hoja zao tunaziheshimu. Katiba yetu inataja mkopo wa biashara, wa ada za shule na wa dharura. Wenzetu wanasema choo hakiuzi kitu, mkopaji atarejesha kwa kipi? Tunawajibu kwamba ada ya shule nayo haiuzi kitu mwaka huu, na tunaikopesha. Kinacholipa mkopo wa choo ni siku za kazi ambazo hazikupotea kwa kuugua na kuuguza. Ndiyo maana tunapendekeza riba iwe nusu ya ile ya biashara na marejesho yachukue miezi mingi zaidi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Wengi wetu ni wapangaji. Mpangaji ajenge choo cha mwenye nyumba, halafu mwakani aambiwe hama? Hapo wapinzani wana haki. Kwa hiyo mkopo usitoke mpaka kuwe na karatasi iliyoandikwa mbele ya Mwenyekiti wa Mtaa, kwamba gharama ya choo itakatwa kwenye kodi kwa miezi iliyokubaliwa. Mwenye nyumba akikataa kusaini, basi, mkopo hakuna, na kikundi kizima kimwendee kumzungumza. Mwenye nyumba anaweza kumfukuza mpangaji mmoja akilalamika. Wanawake wengi wakikaa barazani kwake wanaomba choo, atatoa chai.

La tatu linatuuma wenyewe kulitamka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Baadhi ya wanachama wetu, na wengine ni waanzilishi, wanaishi ndani ya hizo mita 60. Kuwakopesha wajenge choo cha tofali pale ni kuzika fedha za kikundi mahali ambapo ama mto utapachukua ama amri itapachukua. Tumelijadili vikao vitatu na hatukupata njia ya kuwafurahisha wote. Tunapendekeza wao wapewe mkopo mdogo wa kunyonya shimo, na akiba maalumu ya kuhamia, ambayo kikundi kitaichangia. Mama zetu mnaohusika, tunajua mtatuona wagumu. Lakini bora tusemane leo tukiwa tumeshiba pilau kuliko kukutana kwenye daftari la madeni.

Wala hatusemi ndoto. Huku huku Vingunguti umefanyika mpango wa mabomba membamba ya majitaka, yanayopita kati ya nyumba na nyumba kwa kina kifupi, hadi kwenye mabwawa ya kusafishia. Wenye nyumba walijiunga kwa mikopo iliyosimamiwa na vikundi vya akiba, wengi wao wanawake, wakarejesha kidogo kidogo. Mabomba hayo yanafaa pale ambapo mabwawa yako karibu. Kwa nyumba zilizo mbali ipo pampu ya mkono, inayovuta uchafu shimoni bila mtu kuingia na kuutia kwenye pipa, kisha pikipiki ya magurudumu matatu inaupeleka unakotakiwa. Hiyo, ndugu Mgeni Rasmi, ni biashara kamili. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimama mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Tunaomba maombi ya pampu yasionekane ya ajabu yakija kutoka kwa wanawake. Kwa nini tukiomba mkopo tunatarajiwa tuseme batiki na sabuni tu?

Tukija kwenye taka ngumu, historia yake inafaa ijulikane na vijana wetu. Zamani taka za jiji zilimwagwa Tabata. Moshi na nzi viliwachosha wakazi, wakaenda mahakamani. Jiji liliiomba Mahakama Kuu iliongezee muda wa kuendelea kumwaga pale. Jaji Lugakingira akakataa, akieleza kwamba kuchafua mazingira ya watu namna ile ni kuingilia haki yao ya kuishi, iliyomo kwenye Katiba. Hukumu ile imesomwa na wanasheria nchi nyingi. Wakazi wa Tabata hawakuwa na mtaji wa kutisha. Walikuwa na umoja na wakili.

Lakini tazameni kilichofuata. Katika miaka ya 1990 taka zikahamia Vingunguti. Vingunguti ikajaa, zikaenda Mtoni. Baada ya Mtoni, Pugu Kinyamwezi, zaidi ya kilometa 30 kutoka katikati ya mji. Taka zinahama zikimfuata mtu ambaye bado hajalalamika. Na kila zinapohamia mbali, safari ya lori inakuwa ghali, na zile zisizolipiwa safari zinabaki nasi, mtaroni na mtoni. Mji unakadiriwa kutoa tani zaidi ya 4,000 za taka kwa siku, na sehemu kubwa haifiki jaani.

Sehemu kubwa ya taka za majumbani ni maganda na mabaki ya chakula. Vitu hivyo si taka ila tumevichanganya na chupa na nepi. Manispaa ya Kinondoni, kwa ushirikiano na jiji la Hamburg la Ujerumani, imejenga kiwanda cha mboji Mabwepande. Jambo zuri, ila sisi tunaweza kuanza kwa ndoo mbili mlangoni: moja ya maganda, moja ya makavu. Waokota chupa watachukua za kwao bila kupasua mifuko. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na tulisema haiwezekani. Leo tunakwenda sokoni na vikapu. Iliwezekana.

Wanaodhani mtaro ni kazi ya Serikali peke yake waende Hana Nasif, wilaya ya Kinondoni, nao ni watu wa kando ya bonde hili hili. Miaka ya 1990 palikuwa panajaa maji kama kwetu. Kwa msaada wa mashirika ya kimataifa, likiwamo Shirika la Kazi Duniani, wakazi wenyewe walijenga mitaro ya maji ya mvua na njia za ndani kwa mikono yao, na wanawake walishika sepetu sawa na wanaume. Baadaye kikundi cha wanawake kikafanya kazi ya kuzoa taka nyumba kwa nyumba. Mafuriko yalipungua. Hatusemi palikuwa peponi. Mtaro usiposafishwa unageuka jalala refu. Pia mtaa ukipendeza kodi hupanda, na mpangaji aliyechimba mtaro anaweza kujikuta hawezi tena kuishi kando yake. Ndiyo sababu nyingine ya kuing'ang'ania ile karatasi ya makubaliano.

Neno fupi juu ya mchicha, kwa kuwa baadhi yetu tunaulima na wengi tunaula. Watafiti wamepima mboga za bonde la Msimbazi zaidi ya mara moja na kukuta madini mazito kama risasi. Kuosha hakuyaondoi yakishaingia kwenye jani. Hatuwezi kuwaambia wenzetu waache kulima bila kuwaonyesha pa kupata riziki, hata hivyo hatuwezi kunyamaza wakati mboga ile inaliwa na watoto wetu. Tunaomba Bwana Afya aje apime maji na udongo wa vishamba vyetu, atuambie kipi kimwagiliwe na kipi kiachwe. Hata maua na miti ya kivuli hulimwa kwa biashara.

Na mkaa nao. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi. Wauza mkaa wamo humu ukumbini, hatuwafukuzi. Wafikirie mapema kukopa kwa ajili ya mitungi ya gesi, kabla wateja hawajawahama.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunasikia habari za mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022: mto kupanuliwa, daraja jipya Jangwani, bustani ya jiji. Tunaupokea kwa furaha. Tunaomba mambo matatu tu kutoka ofisi yako. Ramani ibandikwe ofisi ya Mtaa kwa Kiswahili, tujue nyumba zipi zinaguswa, maana sasa tunaishi kwa tetesi. Mtaro unaotoka barabara kuu uwe na njia ya kufika mtoni, usiishie kwenye milango yetu. Na gari la taka lipangiwe siku likafuata siku hiyo. Ada tunailipa, anayezoa tunamwona akitaka.

Sisi kwa upande wetu tutazibua mtaro wa chini Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, kuanzia saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Sepetu sita na mabuti jozi nne viko kwa Katibu. Mwenye toroli alete. Daftari la wanaotaka mkopo wa choo liko mezani pale mlangoni, karibu na birika la chai. Mwandishi ataandika jina, idadi ya watu wanaotumia choo hicho, na kama nyumba ni yako au umepanga. Wale wa ndani ya mita 60 wana ukurasa wao, na Bibi Mwenyekiti mwenyewe atakaa nao.